Siki ya Mama na Chupa Namba Nne

Mlipokuwa mkiniaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye sasa hana haja ya kujua ni saa ngapi. Mkaniomba pia niandike niliyoyaona kazini, ili vijana wa maabara wafaidike. Haya. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, kwa kuwa vyeo vilikuwa vichache na mshahara ulihitaji hadubini. Nitaandika ya bandari ya Mahajanga na ya kisiwa cha Nosy Be, miaka ile kabla sijavuka kuja kwenu Tanga. Huko ndiko nilikojifunza kazi, na huko ndiko kulikozaliwa ule ukali wangu wa kuosha chupa mara saba ambao mmekuwa mkiusema nyuma ya mgongo wangu, mkidhani na masikio nayo yanastaafu.

Nimezaliwa Ampisikina, mtaa wa Mahajanga, katika ukoo uliotoka Ngazija. Nyumbani tulisema Kingazija, mtaani Kisakalava, shuleni Kifaransa tukitaka tusitake. Kiswahili nilikipata kwa babu, aliyekuwa akiandikiana barua na jamaa zake wa Unguja na kunisomesha zile barua nikidhani ananipa adhabu.

Niliajiriwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa na hotuba zimeshasomwa. Uhuru ulipofika kwenye maabara yetu ulimkuta Daktari Maubert ameketi kwenye kiti kile kile, ukamwamkia kwa heshima, ukaondoka. Alikuwa Mfaransa mwembamba, mwenye soksi ndefu na imani kubwa juu yake mwenyewe. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kemia. Nikasema nimesoma shuleni. Akanikabidhi brashi na kuniambia kemia inaanzia kwenye sinki.

Aliyenifundisha kazi si yeye. Alikuwa Tombo, Msakalava wa Nosy Be, fundi wa maabara aliyeletwa Mahajanga kwa mwezi mmoja ili anifunze, kisha arudi kwake kisiwani. Nilimwita Zoky, yaani kaka mkubwa, naye akaniita anabavy, dada. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, ambayo ungedhani itavunja kila kitu, wala sikuwahi kuiona ikivunja hata kijiti cha kioo. Asubuhi ya kwanza alichukua chupa niliyoiosha, akaielekeza dirishani, akanirudishia.

"Hii umeiosha kwa macho, anabavy," alisema. "Rudia kwa mkono."

Niliirudia mara nne. Mara ya tano akaniambia inafaa kuwekea mafuta ya taa.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Nyuma ya mikoko ya Mahajanga, na juu kidogo kuelekea Antsanitia, kuna nyanda za chumvi ambazo bahari huzifunika mara chache tu kwa mwezi. Maji yakiondoka, juu ya tope hubaki utando wa kijani cheusi, unaoteleza, ambao watu wa kawaida huukwepa wasivunjike kiuno. Daktari Maubert aliupenda utando ule kama wengine wanavyopenda watoto wao. Siku hizo tuliuita mwani wa kijani-buluu. Leo mnasema ni bakteria, na mwani umevuliwa uraia. Ndani ya seli zake, ukizipaka rangi nyeusi na kuzitazama kwa hadubini, unaweza kuona punje. Punje hizo ni akiba. Kiumbe kikiona jua lipo lakini naitrojeni imekwisha, hakiwezi kukua, basi kinageuza kaboni yake kuwa punje na kungoja siku njema. Ukizitoa punje hizo, ukaziyeyusha kwa klorofomu na kuacha dawa iruke, kwenye sahani hubaki ngozi nyembamba, nyeupe, inayokunjika. Ni plastiki, iliyotengenezwa na uchafu wa pwani, bila kiwanda.

Wakati huo mabeseni ya plastiki ndiyo kwanza yameanza kujaa maduka ya mjini, na wanawake wa Ampisikina walikuwa wakiyanunua na kuyafungia kabatini kama dhahabu. Daktari alitabiri kwamba siku moja dunia nzima itakunywa kwenye vikombe vya mwani wake. Kwa mwaka mzima tulipata plastiki ya kutosha kutengeneza kifungo, tena kifungo cha shati la mtoto.

Alichokitafuta hasa ni vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo. Ninyi mmefundishwa kwamba ni vitatu: cha kwanza huunganisha vipande viwili vidogo, cha pili hukigeuza kile kilichopatikana, na cha tatu hufunga vipande hivyo kimoja baada ya kingine mpaka vikawa mnyororo mrefu. Mnakariri kwa dakika moja. Sisi tulisaga seli kwa mchanga na kinu cha kaure, vidole vikiwa kwenye barafu iliyotoka kwa wauza samaki, barafu yenyewe ikinuka changu. Kisha kimeng'enya kinakufa kabla hujakipima. Daktari alikuwa ameletewa friji mpya la kugandisha kutoka Ufaransa, akaamuru kila kitu kigandishwe humo. Kila kilichoingia mle kilitoka maiti. Tombo ndiye aliyesema, kwa upole, kwamba punje zinaonekana kutopenda kugandishwa, pengine ziwekwe tu kwenye barafu. Daktari akajibu kwamba friji lile limegharimu zaidi ya nyumba ya Tombo. Hoja hiyo sikuwahi kuikuta tena kwenye kitabu chochote cha sayansi. Tulichofanya ni kuziweka kwenye barafu na kulisifu friji, na vipimo vikaanza kutoka.

Tombo aliporudi Nosy Be mpango ulikuwa hivi. Yeye aliotesha mwani kule kwenye kituo cha utafiti, ambako maji yalikuwa safi, ndani ya chupa kubwa za kioo za lita kumi zilizovishwa kikapu. Chupa zikija Mahajanga kwa meli ya pwani, zimejaa supu ya kijani, mimi nazimimina, nazungusha supu kwenye mashine mpaka seli zitulie chini, napaka rangi, nahesabu seli zenye punje, naandika kwenye daftari. Halafu naosha chupa na kuzirudisha Nosy Be zikiwa tupu.

Hapo kwenye neno "tupu" ndipo mama alipoingia. Siku moja nilipitia nyumbani na chupa namba nne mkononi, nikielekea bandarini. Mama aliitazama chupa, akanitazama mimi.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Nosy Be, mama. Namrudishia Tombo."

"Tupu?"

"Ni chupa ya maabara, mama."

"Na hao wa maabara hawali?" Akaweka mikono kiunoni. "Mtu akufundishe kazi mwezi mzima, kisha umrudishie chombo kinacheza upepo? Watasema Zaliha kalelewa na nani?"

Msicheke. Nanyi mkipelekewa sahani ya futari na jirani, hamuirudishi tupu. Mkono mtupu haulambwi. Mama alikuwa na siki yake ya tembo la mnazi, iliyosifika Ampisikina yote. Tembo ni haramu, lakini likiachwa mpaka likawa siki ni halali, na mama alikuwa na subira kuliko mashehe wote. Akaijaza chupa nusu. Nikamwandikia Tombo kikaratasi: siki ya mama, ya achari yako, suuza vizuri. Tangu hapo kila shehena iliporudi, chupa namba nne ilikwenda na siki, na Tombo akajibu kwa salamu kwamba achari yake ya embe sasa inatembelewa na watu asiowajua.

Miezi miwili baadaye, chupa hizo ziliporudi kwa mara ya kwanza zimejaa supu, nilitazama kwenye hadubini nikadhani nimemwaga rangi. Seli zilikuwa nyeusi tii, zimejaa punje mpaka hazina nafasi ya kupumua. Nikarudia, ikawa vile vile. Nikamwita Daktari. Alikaa kwenye hadubini karibu saa nzima, na aliponyanyuka alikuwa na duara nyekundu jichoni na machozi kidogo. Alisema tumepata uzao mpya, wenye kimeng'enya ambacho ulimwengu haujakiona. Shehena iliyofuata, ile ile: chupa tano za kawaida, na moja ya ajabu. Akaupa uzao ule jina la Kilatini, ambalo kwa bahati lilifanana sana na jina lake. Akaandika barua Paris. Profesa mmoja mkubwa akajibu kwamba atakuja kuona kwa macho yake.

Mimi nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Daktari aliniambia mgeni akiridhika nitaandikwa kazi ya kudumu, mwanamke wa kwanza pale ambaye kazi yake haikuwa ufagio. Nilimwambia mama. Alilia, kisha akaenda kuwaambia majirani, mmoja mmoja, akianzia kwa wale asiowapenda.

Ndipo mgema wetu akaanguka mnazini akavunjika mguu. Tembo likakoma, siki ikakoma. Kwa kuwa mama hakuwa na kingine chepesi cha kupeleka, nilirudisha chupa tupu kwa aibu. Shehena iliyofuata haikuwa na chupa ya ajabu. Wala iliyofuata hiyo. Uzao mpya wa Daktari Maubert, pamoja na jina lake la Kilatini, ukatoweka duniani, na profesa alikuwa ameshakata tiketi.

Daktari hakujiuliza. Watu wa namna yake hawajiulizi, huuliza watu. Akasema, "Ni Tombo. Ameuacha uzao umekufa, au ameuchanganya na takataka ya kawaida. Nilijua mikono ile haifai kwa kazi ya uangalifu."

Jioni ya siku hiyo nilifungua daftari. Chupa za ajabu zilikuwa mbili, zote namba nne, zote zilizotoka kwetu na siki. Siki ni nini? Ni asidi ya asetiki. Na vile vipande vidogo ambavyo kimeng'enya cha kwanza huviunganisha vinatokana na nini? Na asidi hiyo hiyo. Nilikaa nikitazama ukurasa ule. Hapakuwa na uzao mpya. Mwani wote ulikuwa na vimeng'enya vile vile siku zote. Ulichokosa ni kitu cha kufanyia kazi, na mama akaupelekea. Tombo, kwa sababu yoyote ile, hakuisuuza chupa.

Ningeweza kuvuka ukumbi, hatua kumi na mbili mpaka kwa Daktari, nikasema. Sikuvuka. Nilijiambia kwamba sayansi inataka uthibitisho, kwamba mtu mwadilifu hasemi asichokipima. Maneno hayo ni mazuri sana, yanafaa kuandikwa ukutani. Pia ni pazia zuri la kujifichia mwoga. Nilitayarisha chupa ndogo nane, nne nikazitia siki ya kununua dukani na nne nikaziacha, nikazipanga dirishani penye jua, nikaanza kungoja mwani wangu ukue kwa nafasi yake. Sikuuhimiza. Kila siku niliyongoja ilikuwa siku moja zaidi ya kuwa mwajiriwa, na nilijua hivyo.

Wiki ya pili barua ilikwenda Nosy Be. Niliipiga chapa mimi mwenyewe, kwa kuwa karani alikuwa na homa. Ilisema Tombo ameachishwa kazi kwa uzembe uliosababisha kupotea kwa kielelezo kisicho na mfano. Vidole vyangu viliandika "uzembe" bila kosa hata moja. Jibu lilirudi haraka. Tombo aliandika mistari miwili: amepokea, na funguo amemkabidhi mlinzi. Hakujitetea.

Wiki ya tatu nikapaka rangi. Chupa nne zilikuwa nyeusi tii, nne zilikuwa kijani kitupu. Sasa hata woga wangu ulikuwa umeishiwa na visingizio. Nilivuka ukumbi na zile chupa kwenye sinia, kama muuza kahawa, nikamweleza Daktari yote: mama, siki, chupa namba nne, mgema na mguu wake.

Alisikiliza. Akachukua chupa moja, akainusa. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi taratibu, na iliporudi ilirudi na Daktari mwingine.

"Asetati," alisema. "Bila shaka. Nilishuku hivyo tangu mwanzo."

"Ndiyo, Daktari."

"Mamzeli Zaliha, unaelewa kwamba hili ni bora kuliko uzao mpya? Sasa tunajua kimeng'enya kinapokea nini. Tutarudia kwa asetati safi, kwa vipimo. Neno siki halitatumika."

"Na Tombo, Daktari?"

Alikuwa ameshaanza kuandika. "Tombo nini?"

"Hakupoteza kitu. Hapakuwa na kitu cha kupotea."

Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma ile wanayoonewa watoto wazito wa kuelewa. Alisema barua imeshakwenda wizarani, nafasi imeshafutwa, na kwamba Tombo aliacha uchafu kwenye chupa. Uchafu ukileta bahati bado ni uchafu. Akaongeza kwamba mimi ni msichana mwenye akili na nisijiharibie. Profesa alikuja, akaonyeshwa, akapiga makofi. Makala ilitoka. Mwishoni ilimshukuru profesa, mfadhili wa friji, na hali ya hewa ya kaskazini-magharibi. Mimi niliandikwa kazi ya kudumu. Mama alipika pilau la mtaa mzima, nami nikala.

Nilipopata likizo ya kwanza nilikwenda Nosy Be. Gari lilinitikisa mpaka Antsahampano, nikavuka kwa boti, nikaulizia Andoany mjini nikaambiwa Tombo yuko kwenye shamba la milangilangi, kwenye mtambo wa kukamua mafuta ya maua. Nilimkuta mchana, kifua wazi, akijaza maua kwenye pipa la shaba lenye ukubwa wa chumba changu cha kulala. Alifurahi. Alinionyesha mabomba, kipozeo, chupa ya kupokelea mafuta, na kila kitu kilikuwa kisafi kuliko kwetu.

"Hapa wananisikiliza nikisema moto umezidi," alisema. Akauliza hali ya mama, akauliza mguu wa mgema. Sikuweza kungoja tena.

"Zoky, ilikuwa siki. Zile punje. Hukupoteza chochote."

"Najua," alisema.

Niliuweka mkoba wangu chini.

"Nilikuwa naacha kikombe kizima cha siki ndani ya chupa kwa makusudi," alisema. "Siki huondoa shombo ya mwani wa zamani, bibi yangu alikuwa akiosha hivyo mitungi. Ilipokuja barua ya Daktari nikakaa, nikapanga chupa zangu kichwani, nikajua siku hiyo hiyo."

"Mbona hukusema?"

Alisukuma kuni ndani kwa mguu. "Ningesema siki, wangeuliza siki ya nani. Wewe ulikuwa bado kwenye majaribio. Mimi nina mikono, sikosi kazi kisiwani. Nikasema, mtoto wa watu hana habari, kwa nini aponzwe na ukarimu wa mama yake?"

Ningeweza kunyamaza hapo. Mtu alikuwa amenifungulia mlango nitoke nikiwa msafi, tena kwa mkono wake mwenyewe. Lakini nilikuwa nimesafiri siku tatu na mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa nimechoka kuumwa.

"Nilikuwa na habari, Zoky," nilisema. "Nilijua kabla ya barua. Barua niliipiga chapa mimi."

Hakukasirika. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, njia nzima nilikuwa nikiipangia majibu. Alinitazama tu, kwa muda, kama anayetafuta kitu alichokuwa na hakika amekiweka mahali fulani.

"Nilidhani hujui," alisema.

Kisha akageuka kwenye moto wake, kwa sababu maua yakishakatwa hayangoji mtu, nami nikasimama pale mpaka nikaona haya kusimama. Boti ya kurudi iliondoka alasiri. Ningependa kuwaandikia, vijana wangu, kwamba alinisamehe. Sikumwomba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikadhani wakati upo.